Acheni kuipangia chekechea mtaala wa darasa la kwanza!

Ndugu walimu na wazazi,

Nimevumilia vya kutosha, na leo nasema bila kumumunya maneno: tunachowafanyia watoto wa miaka minne kwa jina la elimu ya awali ni uonevu. Nafundisha chekechea, na kila muhula nakabidhiwa azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya wiki zote za muhula, ambalo aliyeliandaa alianzia kwenye mtihani wa kuingia darasa la kwanza, akarudi nyuma wiki baada ya wiki hadi akamfikia mtoto ambaye bado anahangaika kufunga vifungo vya shati lake.

Mtoto huyo anaikamata penseli kwa ngumi nzima, anaikandamiza mpaka karatasi inachanika, na bado anatakiwa kujaza ukurasa mzima wa herufi moja kwa sababu mkaguzi atataka kuona madaftari yaliyojaa. Katika umri huo mifupa ya kifundo cha mkono bado ina sehemu kubwa ya gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa mgumu, na misuli midogo ya vidole haijakomaa. Kinachoikomaza ni kufinyanga udongo, kutunga shanga na kukata karatasi, kazi zile zile ambazo zikionekana kwenye andalio langu la somo, yaani mpango wangu wa kipindi, naulizwa nitaanza kufundisha saa ngapi!

Wala haya si mambo ya jana. Friedrich Froebel alianzisha taasisi yake ya watoto wadogo nchini Ujerumani mwaka 1837, akaijenga juu ya michezo, nyimbo na bustani. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kudaiwa kuandika.

Anayedhani kwamba kufundisha kwa michezo ni kukwepa kazi hajawahi kuiandaa michezo hiyo. Katika kona ya duka la kuigiza darasani, mtoto anayeimba moja hadi kumi bila kukosea anaombwa vijiwe sita, naye anatoa vinne au anamwaga vyote. Hapo ndipo ninapogundua kwamba anajua majina ya namba lakini hajui idadi, na hapo ndipo andalio la kesho linapotakiwa kuanzia. Lakini azimio linasema kesho ni kujumlisha, basi tunajumlisha, na yule mtoto anabaki pale pale.

Linalonikera kuliko yote ni kuwapanga watoto hawa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, na kuzisoma nafasi hizo mbele ya wazazi. Nawataka wakuu wa shule wafute mitihani hiyo, watuachie muda wa kuwatazama watoto na kuandika tulichokiona kabla ya kupanga wiki inayofuata. Nanyi wazazi mnaopima ualimu wetu kwa wingi wa kazi za nyumbani, acheni kutusukuma huko.