HD DVD hazisomi kwenye deki ya Blu-ray: shida ni diski au deki?

Kisahani
Wakuu salaam. Kuna mzigo wa diski mtumba, nyingine za Uingereza, nyingine za Marekani. Zenye makasha ya buluu zinacheza vizuri kwenye deki ya Blu-ray, isipokuwa chache zinazoleta ujumbe wa region (eneo la dunia ambako diski inaruhusiwa kucheza). Tatizo ni zenye makasha mekundu yaliyoandikwa HD DVD. Deki inazungusha, inatulia, mwisho inasema haiitambui diski. Cha ajabu, mbili tatu kati ya hizo hizo nyekundu zinacheza kwenye deki ya DVD ya kawaida. Mikwaruzo hakuna. Je, deki ikiwekewa programu mpya itazisoma, au lazima itafutwe mashine nyingine? Na kama ni mashine, ipi inafaa kwa umeme wetu?

Leza405
Mkuu, kusasisha programu hakutasaidia. Shida iko kwenye lenzi.

Blu-ray na HD DVD, mifumo miwili iliyoshindana ya diski za picha za HD, zote zinasomwa kwa leza ya nanomita 405, ndiyo maana wengi wanadhani mashine moja ingetosha. Kinachozitenganisha ni kina. Kwenye HD DVD data iko milimita 0.6 ndani ya plastiki, sawa na DVD. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso. Lenzi ya Blu-ray ina NA (kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi inakusanya mwanga) ya 0.85, ya HD DVD ina 0.65. NA ikipanda, nukta ya mwanga inakuwa ndogo na data inabanwa zaidi: GB 25 kwa tabaka moja la Blu-ray, GB 15 kwa HD DVD. Ila lenzi ya namna hiyo haivumilii unene usio wake. Ukiilazimisha kusoma kupitia milimita 0.6, nukta inatawanyika na deki haioni hata mstari wa kufuata. Ndiyo huko "kuzungusha na kutulia" unakokuona.

Hizo zinazocheza kwenye DVD ni Combo: upande mmoja HD DVD, upande wa pili DVD. Utazijua kwa sababu hazina picha usoni, maandishi yamebanwa kwenye duara dogo kuzunguka tundu la katikati. Ukiigeuza, hata deki yako ya Blu-ray itacheza upande wa DVD, kwa kuwa ina leza nyingine ya DVD. Usitegemee HD hapo, za Marekani zinatoa mistari 480 tu. Pia upande wa DVD una region yake. Marekani ni 1, sisi Afrika Mashariki ni 5, kwa hiyo deki iliyofungwa kwa region 5 itakataa.

Kuhusu zile za buluu: Blu-ray imegawa dunia kwa herufi. Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ni B, Marekani na Japani ni A, India, China na Urusi ni C. Angalia nyuma ya kasha, herufi ipo. Nyingi zimeandikwa ABC na zinacheza popote. Zako zinazokataa bila shaka ni A tupu. HD DVD haikuwahi kuwekewa region, na hilo litakusaidia kwenye kununua mashine.

FundiWaya
Naongezea kwenye mashine, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela.

Mtandaoni utakutana na Toshiba HD-A2 na ndugu zake wa HD-A kwa bei nzuri. Hizo ni za Marekani, volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 umeiua siku hiyo hiyo. Itabidi uwe na transfoma ya kushusha umeme, tena yenye wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya deki. Tafuta za Ulaya: HD-E1, HD-EP10, HD-EP30. Zinakula 220 hadi 240 moja kwa moja, na kwa kuwa region haipo, zitacheza na zile za Marekani. HD-E1 inatoa 1080i (mistari 1080, nusu nusu kwa zamu), HD-EP30 inatoa 1080p (mistari yote kwa pamoja) hadi fremu 24 kwa sekunde. Zote zinachelewa kuwaka na kusoma, usidhani imekufa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuoneshe HD DVD ikicheza. Akikuonesha DVD, hajakuonesha kitu. DVD inasomwa na leza nyekundu ya nanomita 650, HD DVD na ile ya 405. Ya 405 ikichoka, deki itaendelea kucheza DVD bila shida, na ukishaifikisha nyumbani utaanza kulaumu diski. Kichwa kipya cha leza ni shida kukipata, kwa kawaida unang'oa cha deki nyingine.

Kama una kompyuta, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kile kiendeshi cha nje cha HD DVD cha Xbox 360. Ni USB ya kawaida, kompyuta inakiona bila Xbox yenyewe, ila hakikisha kinakuja na adapta yake ya umeme. Ya pili ni LG GGC-H20L au GGW-H20L, viendeshi vya kufungwa ndani ya kompyuta kwa waya wa SATA, zinazosoma Blu-ray na HD DVD zote mbili. Zinajua kusoma kina cha kila mfumo, ndiyo siri yake. Ukitaka kuichomeka nje, adapta ya SATA kwenda USB iwe na umeme wa volti 12. Zile ndogo za hard disk za laptop zinatoa 5 tu, na mota haitazunguka.

Windows XP haisomi mfumo wa faili wa UDF 2.5 bila draiva. Kuanzia Vista ni sawa. Ukifungua diski utaona folda ya HVDVD_TS yenye faili za EVO. Zimefungwa kwa AACS, kufuli ya kuzuia kunakili, kwa hiyo kuzinakili mikono mitupu hakutoshi. Programu ya MakeMKV inazisoma. Tenga hadi GB 30 kwa filamu moja, na ujue kuna nchi ambako kuvunja hiyo kufuli ni kosa hata kama diski ni yako.

mzee_wa_VHS
HD DVD ilikufa kwa sababu picha yake ilikuwa mbovu. Tupa, nunua Blu-ray, yaishe.

Leza405
Mzee, ushauri wa kununua Blu-ray naukubali, sababu siikubali. Zote zilitumia kodeki (njia za kubana video) zile zile: MPEG-2, VC-1 na H.264. Kuna filamu zilizotoka kwa mifumo yote miwili zikiwa na video ile ile. Kusema kweli, baadhi ya Blu-ray za kwanza za 2006, MPEG-2 kwenye diski ya GB 25, ndizo zilizoonekana vibaya. HD DVD ilishindwa na studio za filamu na PlayStation 3, iliyokuwa na deki ya Blu-ray ndani yake. Studio ya Warner ilipotangaza Januari 2008 kwamba inabaki na Blu-ray peke yake, mchezo ukaisha. Toshiba ilijitoa tarehe 19 Februari mwaka huo huo.

Kisahani
Nimeelewa, asanteni sana. Moja la mwisho: muuzaji anasema baadhi ya hizo nyekundu zinacheza vizuri hadi katikati ya filamu kisha zinaganda. Zipakwe dawa ya meno, kama tulivyozoea kwa CD?

FundiWaya
Usipake. Kwa HD DVD ungeweza kusugua kidogo kwa mashine ya kung'arishia, ina milimita 0.6 za kuchezea. Kwa Blu-ray hata usifikirie, hiyo 0.1 ikiondoka na data imeondoka. Lakini kama mikwaruzo hakuna, kusugua kutasaidia nini?

HD DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa kwa gundi. Ile ya GB 30 ina matabaka mawili, na leza inahama tabaka filamu ikiwa njiani. Gundi ikianza kuachia au tabaka la kuakisi likichakaa, pale pa kuhamia, karibu na ukingo wa nje, ndipo panapokuwa pa kwanza kukwama. Ishike diski chini ya taa kali, uizungushe taratibu, utafute ukungu au madoa ya kahawia kuanzia ukingoni. Ukiyaona, hakuna dawa. Za Warner za 2006 hadi 2008 zina sifa mbaya kwa hilo, na baadhi ya DVD zake za miaka hiyo pia zimo.

Zisizo na ukungu zifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa mduara. Kisha zijaribu kwenye kiendeshi kingine kabla ya kukata tamaa. Ile LG mara nyingine inasoma kilichokataliwa na Toshiba, na kinyume chake. Ikisoma, uinakili siku hiyo hiyo.