Proforma tatu zinafanana mno: kamati ianzie wapi?

MamaKatuba
Jambo wapendwa. Asosiasion yetu hapa Lubumbashi ina mhasibu mmoja: yeye anatafuta proforma (karatasi ya bei ambayo duka linatoa kabla ya kununua), anatunza sanduku la pesa, anaandika kitabu cha hesabu. Ununuzi ukipita dola 200 lazima proforma tatu. Faili ni safi kabisa, lakini manunuzi mengi ni ya dola 190, 195, 198. Hiyo inatosha kumshitaki mtu?

Mkaguzi_Lshi
Kumshitaki hapana, Mama. Kufungua faili ndiyo. Panga faktura (ankara) za kila muuzaji kwa tarehe. Saruji ya dola 195 Jumatatu na ya 190 Jumatano huenda ni ununuzi mmoja uliokatwa ili usifike 200.

Halafu laza zile proforma tatu pamoja mezani. Tafuta kosa lile lile la maandishi, au simu moja chini ya majina mawili ya duka. Soma na namba ya RCCM, ile ya duka katika daftari la biashara la serikali: inabeba mwaka wa kuandikishwa. Namba yenye 23, yaani 2023, kwenye faktura ya 2021 haiwezekani. Na faktura za muuzaji zikifuatana 041, 042, 043 kwa miezi mitatu, inaonekana mteja wake ni nyinyi peke yenu.

ComptaKampemba
Hapo kwa namba za faktura zinazofuatana nasita, Papa. Fundi mbao mdogo anaweza kumaliza mwaka na kitabu kimoja cha faktura. Afadhali kwenda kwake kuomba nakala iliyobaki kwenye kitabu. Bei ya pale na ya faili yenu zilingane.

Mimi ningeanza na taux, yaani bei ya kubadilisha dola kwa faranga, maana hapo wizi hauhitaji karatasi ya uongo. Tuseme faktura ni ya faranga 560,000. Siku ile dola ilikuwa 2,800, basi ni dola 200. Kitabu kikiandika taux ya 2,500, zinatoka 224. Faktura ni ya kweli, muuzaji ni wa kweli, na dola 24 hazionekani. Mwanakamati mmoja aandike taux ya cambiste (mbadilishaji pesa) kila siku ya malipo.

MamaKatuba
Asante. Sasa tumuulize mhasibu kwanza?

Mkaguzi_Lshi
Bado. Kwanza piga nakala za faili lote. Rais na mjumbe mwingine wachukue extrait (taarifa ya akaunti) wenyewe benki, si fotokopi inayopita mikononi mwa mhasibu. Siku hiyo hiyo hesabuni sanduku bila taarifa, yeye akiwepo na kutia sahihi. Asipokuwepo, kesho atasema pungufu ni lenu.