Kaseti yangu ya zamani inatafunwa, naomba fundi wa kuaminika Nairobi

Kijana_wa_Umoja
Wadau, nimekwama. Nikipanga stoo nimeipata kaseti ya dakika 90 niliyojirekodia mwaka 1992, nikiwa na miaka 14. Roki za mapenzi tupu, zile gitaa linalia na mwimbaji analia: Scorpions, Bryan Adams, Bon Jovi. Nilikuwa nakaa sakafuni, kidole kwenye kitufe, nikiomba mtangazaji wa Capital FM asifungue mdomo kabla wimbo haujaisha. Mama watoto ameisikia mwanzo tu, sekunde kumi hivi, redio ikaanza kuitafuna. Ameipenda, anataka ichezwe Jumamosi tukitimiza miaka 25 ya ndoa. Nani anajua fundi wa kuihamishia kwa simu? Na anaweza kuondoa kipande kidogo mwisho wa upande B?

Fundi_Spiriti
Kwanza usiirudishe kwa hiyo redio. Utepe wa dakika 90 ni mwembamba kuliko wa 60, unatafunwa haraka. Angalia kile kisponji kidogo katikati. Kama kimebanduka, chomoa kingine kwenye kaseti usiyoitaka. Kichwa cha deki kisafishwe kwa pamba na spiriti. Kipande gani hicho?

MamaWawili
Umenikumbusha mbali! Kaka yangu alikuwa anarudisha kaseti kwa kalamu ya Bic asimalize betri. Zikiisha tunazianika juani juu ya mabati. Jioni mzungu anaimba kama ametoka kunywa chang'aa.

Kunguru_wa_Jiji
Zilizopendwa za wazungu hizo 😂 Bryan Adams 1991 alikaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Kwetu alikaa mpaka kaseti ikakatika, tukaiunga kwa selotepu, ikaendelea.

Kijana_wa_Umoja
Kipande ni kelele tu.

MamaWawili
Kelele hailipiwi fundi, baba. Sema.

Kijana_wa_Umoja
Haya. Ni sauti ya msichana. Anacheka, anataja jina langu, sekunde 40 hivi. Mambo ya utoto. Ila nilishamwambia mama watoto kwamba huyo ni dada yangu, sasa naona bora kisiwepo kabisa. Mtu ana miaka 14, kuna dhambi gani hapo?

Mtumishi_Kayole
Ndugu yangu, shida si kaseti. Nyimbo za kidunia ni mlango. Mimi zangu nilizichoma 2003 na nyumba yangu ina amani. Mwambie mkeo ukweli, mpige goti pamoja.

Kunguru_wa_Jiji
Ulizichoma baada ya kuzisikiliza mara ngapi, Mtumishi?

Shahidi254
Ngojeni kidogo. Capital FM mwaka 1992? Capital ilianza 1996. Wakati huo hewani ilikuwa KBC peke yake, roki ya taratibu ulikuwa unaivizia kwenye kipindi chao cha Sundowner. Jamaa anatutungia hekaya.

MamaWawili
Uuuui! Na mimi nilikuwa nishaanza kumhurumia.

Kunguru_wa_Jiji
Uzi ufungwe. Au aendelee, hekaya si mbaya.

Kijana_wa_Umoja
Si hekaya. Mwaka ndio nilikosea. Ni 1997.

MamaWawili
Kwa hivyo ulikuwa na miaka 19. Na mama watoto mlijuana lini?

Kijana_wa_Umoja
1996. Lakini sikilizeni kabla hamjanihukumu. Hiyo kaseti nilikuwa namrekodia yeye, mama watoto. Huyo mwingine aliingia tu chumbani nikiwa katikati ya kazi, redio ikamchukua. Ndiyo maana sikumpa kaseti.

Fundi_Spiriti
Hapo sasa unanidanganya mimi. Redio-kaseti ikijirekodi yenyewe haichukui sauti ya chumbani. Lazima mtu asimamishe, ageuze swichi iende kwa maikrofoni, halafu arekodi tena.

Shahidi254
😳

Kijana_wa_Umoja
Niligeuza mimi. Tuachie hapo.

Mtumishi_Kayole
Nilisema ni mlango.

Fundi_Spiriti
Mimi si kadhi wala padri. Nakuambia ya kazi tu: ikishaingia kwa kompyuta, kata unachotaka. Lakini utepe wenyewe usiguswe. Mwisho wa upande B ndio mwanzo wa upande A, ni kipande kilekile kimoja, nyimbo zinapita juu na chini. Ukikata huku, umekata na kule.

MamaWawili
Yaani zile sekunde kumi alizozipenda mkewe?

Fundi_Spiriti
Hizo hizo.

Kijana_wa_Umoja
Nilishaipeleka kwa kijana mmoja fundi, mtaa wa Luthuli, jana, kabla sijaandika hapa. Nimelipa nusu. Nilimwambia akate kwa makasi, nikaona ndiyo njia ya uhakika.

MamaWawili
Mpigie sasa hivi!

Kijana_wa_Umoja
Hashiki. Niko kwa matatu, tumekwama hapa Jogoo Road.