Tukodishe bahari kuu kama Falkland? Watu wa Tanga tusemezane

Mtoa mada
Wakuu, kila ikitajwa bahari kuu yetu hakosekani mtu wa kuleta mfano wa Falkland, visiwa vya Uingereza kusini mwa Atlantiki. Watu hawafiki 4,000, serikali yao inajitegemea kwa kila kitu isipokuwa ulinzi, na mtoto akifika kidato cha tano analipiwa kwenda kusoma Uingereza. Hoja ya wanaoleta mfano huo: uza leseni za uvuvi kwa meli za nje, kaa upokee. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naipinga, na ushahidi wangu ni Falkland hiyo hiyo.

Kabla ya vita ya 1982 kati ya Uingereza na Argentina waliishi kwa sufu ya kondoo kama Tanga tulivyoishi kwa mkonge. Kampuni moja, Falkland Islands Company, ilishika karibu nusu ya ardhi, faida ikaenda zake London. Sufu ikashuka bei, vijana wakahama. Sisi tulioona nchi ikitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, halafu nailoni ikaingia, hatuhitaji kusimuliwa.

Mwishoni mwa 1986 wakatangaza eneo lao la uvuvi, mwaka uliofuata wakaanza kutoza leseni, mapato ya serikali yakapanda mara kadhaa. Samaki mwenyewe ni ngisi! Meli za Taiwan na Korea humvua usiku kwa taa, kazi ile ile ya karabai zetu za dagaa, ila mwanga wao unaonekana hadi kwenye picha za setilaiti.

Lakini leseni ni karatasi tu. Ngisi anaishi kama mwaka mmoja. Ukimmaliza msimu huu, ujao hupati kitu. Kwa hiyo meli inaripoti ilichovua, waangalizi wanapanda melini, doria inazunguka, na ngisi akipungua msimu unafungwa, mwenye leseni apende asipende. Baadaye wakabana zaidi: Mhispania wa bandari ya Vigo anayetaka kubaki lazima aingie ubia na mwenyeji. Sisi katika kilomita za mraba 223,000 za bahari kuu yetu tunabana wapi?

Mvuvi, Sahare
Shekhe, umesema kweli ila umekwenda mbali. Jodari wa bahari kuu mimi simfikii. Huku ndani baruti imevunja matumbawe miaka na miaka, na mashine ya boti nimekopeshwa na tajiri, kwa hiyo samaki wangu akifika sokoni Deep Sea bei anapanga yeye. Niambieni pesa ya leseni itashuka mpaka huku, naunga mkono kesho asubuhi.

Mchangiaji, Chumbageni
Falkland wana jeshi la Uingereza mlangoni. Sisi mwaka 2009 kuikamata meli ya uvuvi haramu Tawariq 1, ile ya "samaki wa Magufuli", tulisaidiwa na meli ya doria ya Afrika Kusini. Kesi yenyewe ikaishia washitakiwa kuachiwa kwa rufaa.

Mtoa mada
Jeshi silo linalohesabu ngisi, kaka. Doria ya uvuvi wanailipia wenyewe kutokana na mapato yao. Ndiyo maana nasema sharti la kwanza liwe doria, la pili meli ishushe samaki hapa. Bandari ya Tanga imechimbwa hadi mita 13, kisingizio cha kina hakipo tena.

Mchangiaji, Chumbageni
Kina si baridi. Nahodha wa meli ya jodari anataka kiwanda, barafu, mafuta na soko, na vyote anavipata Victoria, Shelisheli. Tena jodari anahama. Ukimbana sana, mwenye meli anaacha leseni yako na kumngojea nje ya mpaka.

Mvuvi, Sahare
Basi kijengwe chumba cha baridi kwanza, hata kidogo. Mimi ningekitumia kabla ya hiyo meli kufika.