Shomoro wa kichwa cha kijivu Tabora: Passer griseus au Passer suahelicus?

Mwembeni_TBR: Habari wakuu. Kwenye mashine za kukoboa mpunga hapa mjini kuna shomoro wa kichwa cha kijivu, mgongo hauna michirizi, begani kastari keupe. Baadhi mdomo ni mweusi tii, wengine umepauka. Ni spishi mbili? Nitazame wapi?

Reli_ya_Kati: Mdomo achana nao. Huwa mweusi ndege akiwa anazaliana, msimu ukipita unapauka, na ni hivyo kwa spishi zote mbili, dume na jike. Shomoro wa majumbani (Passer domesticus) mtoe: dume wake ana doa jeusi kooni, na mgongo una michirizi kwa dume na jike.

Kazi yote iko pale shingo inapoungana na mgongo. Kwa griseus kijivu cha kichwa kinakatika, kinaanza kahawia chenye wekundu, na tofauti unaiona hata kwa mbali. Kwa suahelicus kijivu kinateremka mpaka kati ya mabega, kimechanganyika na kahawia, wala huoni kinapokatika. Wekundu unaukuta kiunoni na kwenye mabawa. Kiunoni wote wawili ni wekundu, kwa hiyo hapo pasikupoteze muda.

Ujiji_Ndege: Mkuu kamaliza, naongeza suala la mwanga. Jua la alfajiri na la magharibi linamtia wekundu ndege yeyote, ndipo suahelicus anageuka griseus kwenye picha. Mpige saa mbili hadi saa nne asubuhi akiwa kivulini, umlenge mgongoni kwa nyuma. Na hapo mashineni jihadhari sana na vumbi la pumba: likimkaa mwilini, kichwa na mgongo vinakuwa rangi moja, utadhani ni suahelicus. Msubiri ajikung'ute, au mfuate kwenye maji anapooga. Makinda waache, mgongo wao bado una michirizi hafifu.

Mwembeni_TBR: Nilizonazo ni za ubavuni tu.

Reli_ya_Kati: Hizo zinatosha kusema ni kundi la kichwa-kijivu, basi. Andika Passer sp. (yaani shomoro ambaye spishi yake haijajulikana), usikisie kwa ramani. Griseus yuko Uganda, Rwanda na Burundi, suahelicus yuko kusini mwa Kenya na maeneo mengi ya Tanzania, na sisi wa magharibi tuko katikati yao. Wamekaribiana kiasi kwamba wataalamu wengine waliwahesabu spishi moja. Rudi na picha mbili tatu za mgongo, za ndege tofauti, uziweke hapa bila kuzigusa rangi.