Katapila D6D imelala shambani miaka kibao, niifufue au niwaachie watu wa skrepa?

Mkonge_Damu
Wakuu salaam. Swali kwa mafundi wa mitambo na wanaomiliki. Kuna Caterpillar D6D, buldoza la cheni, iko ndani ya shamba la mkonge huku upande wa Korogwe, mwenyewe alishafariki na watoto hawana habari nayo, mara ya mwisho ilichonga barabara za shamba ikapaki chini ya mwembe mpaka leo. Wanataka milioni 25 na watu wa vyuma chakavu wameshaanza kuizungukia na mitungi yao ya gesi. Mimi kazi zangu ni malambo na kusafisha mashamba na nimechoka kukodi, unalipa saa za mtambo, dizeli juu yako, lobedi (trela la kubebea mtambo) juu yako, opereta naye anataka posho.

Hali yake: injini haizunguki, nimeweka spana kwenye puli ya mbele nikaning'inia nayo wapi. Bomba la ekzosi liko wazi halina kifuniko. Betri hakuna, waya zimeng'olewa, kiti kimeliwa na panya. Bledi nzima, ripa (jino la nyuma la kuchimbua ardhi) hakuna. Cheni zimezama kwenye udongo na magugu yametokea katikati ya sahani. Fundi niliyeenda naye akaishia kuangalia injini, anasema tukifanya ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya, kazi imeisha. Ni kweli?

Spana19
Huyo fundi kakuangalizia nusu ya mashine mkuu, tena ile nusu ya bei nafuu. Injini ya hiyo ni 3306, silinda 6, lita 10 na nusu, ndiyo hiyo hiyo ya greda 140G na D7G na majenereta kibao, kwa hiyo spea zipo za kuchagua, orijino, za Kichina, na za kung'oa kwenye mashine zilizokufa. Slivu zake (mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zinachomolewa, zinakaa ndani ya maji, hakuna habari ya kwenda kuchonga bloku. Pesa inapozama ni miguuni: cheni, rola za chini na za juu, aidla (gurudumu la mbele la cheni), sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni). Mashine ya cheni karibu nusu ya hela ya matengenezo inaliwa na miguu.

Kwa hiyo kabla hujaongea ovahoo rudi na futi kamba. Fukua cheni, isafishe, ivutwe ikaze maana cheni iliyolegea inakudanganya, halafu pima kutoka ukingo wa pini moja mpaka ukingo ule ule wa pini ya tano, yaani viungo vinne, na usiihesabu pini ya kufungulia cheni. D6D mpya kiungo kimoja ni milimita 203 kwa hiyo vinne unapata kama 813. Ukikuta unakaribia 825 hiyo cheni imekwisha, hesabu miguu mipya au waachie skrepa wale. Angalia na meno ya sproketi, yakishachongoka yameondoka na cheni yake, usije ukafunga cheni mpya juu ya meno mabovu.

Ekzosi kukaa wazi ndiyo jibu la injini kuganda. Mvua inaingia kwenye bomba, inapita kwenye tabo (turbocharger), inaingia kwenye silinda ambayo valvu yake iliachwa wazi, ringi zinashikana na slivu kwa kutu. Mara nyingi ni silinda moja au mbili tu, nyingine nzima kabisa. Usithubutu kufunga betri na kuipigisha stata, utakunja kitu. Anza kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), legeza nati ya kumwagia oili polepole bila kuitoa, maji yakiwemo yatatoka yenyewe kwanza kwa sababu yako chini ya oili. Baadaye toa nozeli zote, mimina dizeli iliyochanganywa na ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kila tundu, iache hata wiki, kisha kwenye flaiwili tia mtaimbo uisukume kidogo mbele kidogo nyuma. Ikikubali hata nusu inchi hapo hapo ishakubali, rudisha nyuma, ongeza dawa, rudia. Ikigoma kabisa fungua hedi.

Dumu_la_Dizeli
Niko Nairobi, hizi mashine tunazifufua sana huku Industrial Area. Spana19 amesema poa lakini kuna kitu watu husahau halafu inaua injini mpya siku ya kwanza. Pampu ya dizeli ikikaa miaka, reki ya ndani (kijiti kinachopima dizeli ya kwenda kwa injini) inashika, na ikishika ikiwa imefungua mafuta mengi, ukistati tu injini inakimbia yenyewe, unazima swichi haisikii, unarudisha akselereta haisikii, inapanda tu mpaka konrodi itoke nje ya bloku. Kwa hivyo kabla ya kustati hakikisha reki inateleza ikienda na kurudi, kama haitelezi pampu iende kwa fundi wa pampu, usiigonge na nyundo. Na siku ya kustati toa hozi ya hewa, weka mtu hapo na ubao mpana uliolala vizuri kwa mdomo wa intake, ikikimbia afunike. Ubao, si mkono, na si tambara, tambara inavutwa ndani.

Pia tabo iwekee oili kwa mkono kwanza. Na tanki ya dizeli usiiamini, hiyo ishakuwa matope, weka jerikeni pembeni na filta mpya.

Mama_Malambo
Kaka hao mafundi watakupa raha ya injini, mimi nikupe ya mfukoni maana nina mtambo wangu na nimeyaona. Hiyo mashine ina tani 14 na ushee, lobedi ya kuitoa Korogwe mpaka gereji si hela ya mchezo, na kama haitembei utalipa na krini. Bora fundi aende na vyombo vyake akalale hapo shambani mpaka itembee yenyewe kupanda lobedi. La pili hozi za haidroliki zote zihesabu zimekufa hata kama kwa macho ni nzima, jua limeshazikausha, ukipandisha bledi zinapasuka moja baada ya nyingine na kila moja inamwaga ndoo ya oili.

Halafu karatasi. Nani anakuuzia? "Watoto" siyo muuzaji. Omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, huyo ndiye ana mamlaka ya kuuza, na mkataba usainiwe naye. Usipofanya hivyo siku inawaka ndio shangazi mmoja anatokea Muheza anasema hakuhusishwa.

Mgogo_Halisi
Mnanikumbusha Kongwa, huku Dodoma. Mwingereza alipoleta mradi wa karanga mwaka 1947 alinunua matrekta mabaki ya vita, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta wakaviita Shervick. Mengi yalifika yamechoka tayari. Udongo wetu kiangazi unakauka unakuwa zege, na una mchanga unaokula chuma, mashine zikalala foleni kusubiri spea na 1951 mradi ukafungwa. Kwa hiyo Mkonge uliza hiyo D6D ililima udongo gani. Udongo mwekundu wa mkonge una nafuu, ya machimbo ya kokoto miguu utakuta imeliwa.

Mkonge_Damu
Asanteni sana aisee. Nimerudi juzi na vijana tukafukua. Kushoto nimepata 818 kulia 820, meno ya sproketi bado yana bapa juu, rola moja ya chini kulia inavuja oili na haizunguki. Nati ya sampu nililegeza kama alivyosema mkuu, yametoka maji kama kikombe halafu oili nyeusi. Reki sijaigusa. Mirathi kumbe haijafunguliwa kabisa!!

Spana19
Hiyo ya kununua mkuu, kwa bei nyingine. Kwa 820 bado kuna maisha, cheni ikapelekwe kwenye presi pini na bushi zigeuzwe upande mwingine, rola moja ni kitu kidogo. Kikombe cha maji si cha kukutisha ila jaza maji kwenye rejeta uiache usiku, asubuhi legeza nati tena. Yakitoka mengine ujue slivu imetoboka kutokea nje au sili zake za chini zimekufa, hapo injini inafunguliwa hata kama inazunguka. Klachi za kona (za kupindisha mtambo) za D6D zinaoga oili, hazigandi kirahisi kama zile kavu za zamani, ila mwaga oili ya nyuma nako uone kama kuna maji.

Wakati wa kulegeza cheni usisimame mbele ya valvu ya grisi, ifungue mzunguko mmoja tu taratibu, ile grisi ina presha ya kutoboa mwili. Mwambie fundi wako pia maana nina wasiwasi naye.

Mama_Malambo
Na hela usitoe hata ya utangulizi mpaka mirathi ifunguliwe. Kama unaogopa watu wa skrepa, andikisheni makubaliano mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba haiguswi, umlipe mlinzi wewe mwenyewe. Na leo leo panda juu ufunike hiyo ekzosi na kopo, masika yanakuja.