Katambuga, yeboyebo au raba: kipi kinafaa mwambani? (Mtwara)

Kijana wa Chuno:
Wakuu, habari za jioni. Bamvua ya mwezi mpevu hiyo inakuja, maji yatakauka sana, nataka ninunue viatu kabla. Nimebaki na vitatu: katambuga za tairi, yeboyebo za plastiki au raba. Na kwa upande wa jua, mafuta gani yanafaa? Bajeti si kubwa.

Fundi Tairi:
Katambuga. Funga mjadala.

Bint Mikindani:
Usifunge, fundi. Kaka, unakwenda wapi, kufanya nini, na hiyo "si kubwa" ni shilingi ngapi? Tope la mikokoni huku kwetu na mwamba wa Msangamkuu ni vitu viwili. Katambuga ukiingia nayo topeni inabaki humo humo, unarudi peku.

Mlindi Asilia:
Na juu unavaa nini? Mtu anauliza mafuta ya jua hasemi kama ana shati!

Kijana wa Chuno:
Nachokoa pweza kwa kutembea mwambani, Msangamkuu. Kaptula tu, kifua wazi. Shati likilowa chumvi linanichubua makwapa. 20,000 kwa vyote.

Nesi wa Zamu:
Mdogo wangu, tuanze na hilo shati. Bamvua huku maji yanakauka kwenye saa nne asubuhi, yanarudi kuelekea adhuhuri. Pweza wako anapatikana saa ile ile jua limewaka, huna pa kulikwepa. Kwenye tarehe ishirini Oktoba, na tena kwenye ishirini na za Februari, jua la mchana Mtwara linapita utosini kabisa. Na mchokoaji huinama, kwa hiyo kifua ndicho kinachopona. Kinachoungua ni shingo kwa nyuma, kiuno pale kaptula inaposhuka, na nyuma ya magoti. Losheni ya SPF 30 (namba ya kinga ya jua) inazuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza. Ya 50 inaongeza kama asilimia moja tu, usipigwe bei kwa ajili ya namba. Ila unarudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka majini. Kwa 20,000 hutafika mbali. Chukua fulana ya michezo ya mtumba, mikono mirefu, ile laini inayoteleza. Haichubui.

Fundi Tairi:
Nesi, na weusi wote huu? Babu zetu walipaka losheni gani?

Nesi wa Zamu:
Babu zetu walivaa pama, na saa sita walikuwa chini ya mwembe. Weusi unasaidia, haumalizi kazi. Tazama wavuvi wazee wangapi wana kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho. Kwa ndugu zetu wenye ualbino losheni si anasa hata kidogo, ndiyo maana Moshi wanatengeneza Kilisun kwa ajili yao.

Bint Mikindani:
Msiro je, lile rojo jeupe la mti wa kusagwa? Wanawake wa Kimakua ng'ambo ya Ruvuma wanapaka usoni na ngozi zao kama maji ya kunde.

Nesi wa Zamu:
Ule ni urembo, dada. Sitamwambia mtu aende nao mwambani.

Mlindi Asilia:
Niwape ya raba. Nilinunua raba za majini za mtumba, nyepesi, muuzaji anaapa zimetoka Ulaya. Tuko mwambani, soli ya kushoto ikaanza kubanduka kwa mbele, gundi imekufa. Nikaifunga kwa uzi wa nailoni nikaendelea, maana nilishaona tundu la pweza, magamba ya kaa yamerundikana mlangoni. Nikatia mchokoo, jamaa kang'ang'ania, nikarudi hatua moja nivute. Soli ikabaki, mguu ukatua juu ya yule samaki anayejifanya jiwe. Wakuu! Maumivu yalipanda hadi kinenani, jasho la baridi, wakanibeba hadi kwenye mtumbwi. Pwani mzee mmoja anataka kunichanja, mwingine anauliza nani ana mkojo. Mama muuza chai ndiye aliyeniokoa: alichanganya maji ya moto kiasi ambacho mkono wake unavumilia, nikazamisha mguu karibu saa nzima, yakipoa anaongeza. Ndipo nikapelekwa zahanati nikiwa na akili zangu. Pweza aliondoka na mchokoo.

Nesi wa Zamu:
Huyo mama apewe shikamoo. Sumu ile inavunjwa na joto. Ila maji yapimwe kwa mkono au mguu mzima, ule uliochomwa hausikii vizuri, utababuka.

Nahodha Mstaafu:
Vijana, Ufaransa kuna mji wa pwani unaitwa Cap d'Agde. Una mtaa mmoja ambao watu wanakwenda madukani uchi wa mnyama. Lakini miguuni kandambili, kichwani kofia.

Fundi Tairi:
Sasa nahodha, pweza anaingiaje hapo?

Nahodha Mstaafu:
Anaingia. Aliyevua vyote viatu kabakiza! Na wageni wao huungua kwanza mahali pasipozoea jua. Ndicho anachosema nesi kuhusu hicho kiuno.

Kijana wa Chuno:
Shikamoo nahodha 😂 Basi fulana nimekubali. Viatu?

Bint Mikindani:
Yeboyebo na soksi nene ndani. Maji yanatoka, mchanga hausagi. Soli nyembamba, hilo siwezi kukataa.

Mlindi Asilia:
Nyembamba? Mwiba unapita kama siagi. Raba, lakini mpya, ya kushonwa.

Fundi Tairi:
Mwiba haupiti tairi. Weka mkanda wa kisigino.

Bint Mikindani:
Na vidole viko nje! Isitoshe mnakanyaga matumbawe na matairi yenu halafu mnalalamika pweza wamekwisha.

Mlindi Asilia:
Pweza hawajaisha, mnawachokoa wadogo. Kisiwani Songosongo mwamba ukifungwa kwa wavuvi miezi michache unakuta wa kilo mbili na zaidi.

Bint Mikindani:
Na nani atalinda usiku? Huku ukifunga, wa kijiji cha jirani anafungua.

Kijana wa Chuno:
Fundi, unaweza kuziba vidole kwa mbele? Navaa namba 44.

Fundi Tairi:
Naweza, ila tairi la gari, la pikipiki jembamba. Kwa bamvua hii sikuahidi, nina oda za watu wa Newala.

Mlindi Asilia:
Kilo ya pweza Mtwara mnauza ngapi siku hizi?